Vespa Ni Amana: Yapasa Mwenye Chombo Akijue Chombo Chake

Anayetaka kujua vespa ina nafasi gani katika maisha ya watu wa mji wa Zanzibar, na asimame nje ya msikiti wowote mkubwa siku ya Ijumaa, muda mfupi kabla ya khutba. Ataziona zimepangwa ubavu kwa ubavu kutoka kibarazani hadi ukingoni mwa barabara: ya mwalimu wa skuli, ya muuza samaki, ya mzee mstaafu, na ya kijana aliyeanza kazi juzi. Chombo hicho kimoja ndicho kinachompeleka baba kazini, mama hospitali na watoto chuoni, na ndicho kinachorudi jioni na mfuko wa mchele. Zipo nyumba nyingi ambazo hazina mali ya thamani kubwa zaidi ya hiyo.

Pamoja na yote hayo, chombo hicho aghalabu hakitazamwi mpaka kizime njiani. Hapo ndipo mwenyewe huanza kupiga kiki huku jasho likimtoka, akiwa hajui kama tatizo ni petroli, ni plagi au ni waya. Na hilo la kuzima ndilo dogo. Kubwa ni breki inayokataa wakati mke na mtoto wamepakiwa nyuma.

Dini yetu imetufundisha kwamba kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kuchukua sababu. Sote tunakijua kisa cha yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu ngamia wake, amfunge au amwache na kutawakali, naye akaelekezwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Ngamia wa leo ana magurudumu mawili, na kamba yake ni waya wa breki. Anayesoma dua ya safari huku anajua waya huo umebakia nyuzi mbili, hajamfunga ngamia wake.

Makala haya yana jambo moja la kusema: mtu anayempakia mwenziwe amebeba amana ya roho, na amana hiyo haikabidhiwi fundi peke yake. Sehemu kubwa ya utunzaji wa vespa inawezekana nyumbani, kwa zana chache na kwa muda mfupi. Iliyobaki ni ya fundi, na kuujua mpaka kati ya mawili hayo ni sehemu ya kuitunza amana.

Chombo kilichoundwa ili mwenyewe akifungue

Vespa ilisajiliwa nchini Italia mwaka 1946 na kampuni ya Piaggio, kutoka kiwanda chake cha Pontedera. Aliyeichora ni mhandisi Corradino D'Ascanio, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa ndege na helikopta. Jina lenyewe kwa Kitaliana lina maana ya nyigu.

Mhandisi huyo alitaka chombo kitakachomfaa mtu wa kawaida, asiyependa kuchafua nguo wala kuhangaika njiani. Ndiyo maana injini imefunikwa, na ndiyo maana gurudumu limeshikwa upande mmoja tu, mfano wa gurudumu la gari au la ndege, ili liweze kutolewa bila ya kung'oa mnyororo wala ekseli. Katika aina ya PX, iliyoanza kutoka mwaka 1977 na ambayo wengi wetu tunaijua, gurudumu la mbele na la nyuma ni la kipimo kimoja, na la akiba linaingia kokote kati ya sehemu hizo mbili.

Lipo jambo jengine la kulijua kuhusu umbo lake. Pikipiki za kawaida zina fremu ya mabomba, na mabati yake ni pambo tu. Vespa haiko hivyo. Bodi lake la bati lililokunjwa ndilo mifupa yake yenyewe. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwenye kutu.

Robo saa ya kila wiki

Chagua siku moja ya wiki na uishike. Wengi huona wepesi wa asubuhi ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya kukoga, kukata kucha na kujitengeneza, basi na chombo nacho kipate sehemu yake. Kisimamishe kwenye stendi, mahali pa tambarare na penye hewa. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una hewa ya sumu inayoweza kuua bila ya mtu kuinusa.

Anza na upepo wa matairi, na upimwe wakati matairi yamepoa. Kwa PX, gurudumu la mbele linataka kama paundi 18, na la nyuma kama 25 ukiwa peke yako. Ukiwa na mtu nyuma, gurudumu la nyuma lipande hadi kama 36. Tofauti hiyo si ndogo, na wengi hawaizingatii: wanajaza kwa ajili ya mtu mmoja kisha wanapakia wawili. Tairi lililolegea hupata joto, hulika kando, na huifanya vespa iyumbe kwenye kona. Tazama vilevile mistari ya tairi na nyufa za ubavuni. Tairi lililopara ni hatari zaidi wakati wa masika, pale maji yanapotanda juu ya lami.

Pili, breki. Bana mkono wa breki ya mbele, kisha kanyaga ya nyuma, na ujaribu kuisukuma vespa kwa kila moja peke yake. Kila breki ishike kabla mkono haujagusa mpini na kabla kanyagio halijagusa sakafu. Ukiachia, gurudumu lizunguke kwa uhuru. Ikiwa breki imekuwa ndefu, ipo skrubu ya kurekebishia mwishoni mwa waya, karibu na gurudumu. Inazungushwa kidogo kidogo, na kila mara unajaribu tena. Skrubu hiyo ikifika mwisho, jua kwamba viatu vya breki vimekwisha na wakati wake wa kubadilishwa umefika.

Tatu, waya zenyewe, yaani za breki, klachi, gia na mafuta. Tazama ncha zake pale zinapoingia kwenye mkono na pale zinapofungwa chini. Uzi mmoja uliokatika ni onyo. Waya wa namna hiyo hauungwi wala haufungwi kwa waya wa kuku; hubadilishwa. Bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kufungwa bendeji.

Nne, taa zote, pamoja na taa ya breki ya nyuma, indiketa na honi. Anayekuja nyuma yako gizani hana njia nyengine ya kujua kwamba unasimama.

Tano, pitisha spana kwenye nati za magurudumu. Hazitakiwi kukazwa kupita kiasi. Linalotakiwa ni kuhakikisha kwamba hakuna iliyolegea.

Petroli na oili: ndoa isiyovunjika

Injini ya vespa hizi ni ya mipigo miwili. Haina bakuli la oili chini kama injini ya gari. Oili yake ya kulainishia inaingia pamoja na petroli, inafanya kazi yake, kisha inaungua. Kwa hivyo anayetia petroli tupu anaiua injini yake kwa mkono wake mwenyewe, na kifo hicho hakichukui siku nyingi.

Kwa PX isiyokuwa na tangi la oili la peke yake, kiwango ni asilimia 2 ya oili ya 2T. Maana yake ni mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, au mililita 100 kwa lita 5. Tumia kipimo kilichoandikwa namba, si kifuniko cha chupa. Kuna wanaodhani kwamba kuzidisha oili ni kuihurumia injini. La. Oili iliyozidi huleta moshi mzito, huchafua plagi na huziba ekzosi kwa masizi. Kwa vespa za zamani zaidi ya hizo, kiwango chaweza kuwa kikubwa zaidi, basi fuata kitabu cha chombo chako. Na zile zenye tangi la oili la peke yake huchanganya zenyewe, lakini ni lazima ulitazame tangi hilo lisikauke.

Kutokana na hayo inafahamika kwa nini haifai kuteremka mteremko mrefu kwa kasi huku umefunga mafuta kabisa na gia imeingia. Injini inazunguka kwa nguvu, lakini petroli imezuiwa, na oili imezuiwa pamoja nayo. Fungulia mafuta kidogo kila baada ya muda ili injini ipate kulainika.

Usisahau oili ya giaboksi, ambayo ni kitu mbali kabisa. Ni kama robo lita tu, ya namba SAE 30, nayo haiungui. Ikiwa inapungua huku moshi wa ekzosi umekuwa mzito kuliko kawaida, huenda sili moja ya ndani imechoka na injini inaivuta oili hiyo. Ukiona oili imetapakaa kwenye gurudumu la nyuma, elewa kwamba inaweza kuingia kwenye breki. Mambo yote mawili hayo ni ya fundi, tena bila ya kuchelewa.

Plagi ni msema kweli

Vespa ikianza kukohoa au kukataa kuwaka, kwanza angalia koki ya petroli kama imefunguliwa na kama hukufika kwenye akiba. Wapo waliosukuma chombo hadi nyumbani kwa sababu ya koki tu. Baada ya hapo iendee plagi.

Subiri injini ipoe. Fungua kifuniko cha ubavu wa kulia, vuta kofia ya waya, kisha ufungue plagi kwa spana yake, ambayo kwa kawaida ni ya namba 21. Itazame ncha yake kama tabibu anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Ikiwa na rangi ya kahawia kama biskuti, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na majimaji, imezidiwa petroli au oili, au cheche zake ni dhaifu. Ikiwa nyeupe kama chokaa, basi ni hatari: injini inapata hewa nyingi kuliko petroli na inaungua kwa joto kupita kiasi. Hiyo usiendelee kuiendesha mpaka sababu ijulikane.

Plagi chafu husafishwa kwa brashi laini ya waya na kukaushwa. Nafasi kati ya ncha zake mbili iwe kama milimita 0.6, ipimwe kwa kipimo chembamba cha chuma kinachouzwa madukani. Unapoirudisha, izungushe kwa vidole mpaka iingie yenyewe mizunguko kadhaa, ndipo utie spana na kukaza kwa kiasi. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, laini kuliko plagi, na uzi wake ukiliwa umenunua kazi kubwa. Weka plagi moja mpya chini ya kiti, pamoja na spana yake. Hiyo ndiyo akiba ya mwenye busara.

Gurudumu: onyo la lazima

Kubadilisha gurudumu la vespa ni kazi nyepesi, lakini ndani yake umo mtego uliowajeruhi watu. Rimu ya vespa ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati. Kwa hivyo pana nati za aina mbili: zinazolishika gurudumu zima kwenye chombo, na zinazoviunganisha vipande viwili vya rimu. Unapobadilisha gurudumu kwa la akiba, unazifungua zile za kwanza tu.

Ikiwa unataka kutoa tairi ili uzibe pancha, toa upepo wote kwanza mpaka tairi linywee kabisa, ndipo uziguse nati za pili. Mwenye kuzifungua wakati tairi lina upepo, vipande hivyo huweza kumrukia usoni kwa nguvu kubwa. Mweleze hili kila kijana anayeshika spana nyumbani kwako. Na baada ya kurudisha gurudumu, kaza nati kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kuzunguka duara, kisha uzipitie tena baada ya mwendo mfupi.

Ukifungua ngoma ya breki, usipulize vumbi lililomo kwa mdomo. Viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linadhuru mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Chumvi ya bahari

Sisi tunaishi kisiwani. Upepo unaotuburudisha jioni unabeba chumvi, na chumvi inalila bati usiku na mchana. Ioshe vespa kwa maji baridi, hasa chini ya sakafu na ndani ya mabawa ya magurudumu, kisha uikaushe. Mahali palipochubuka rangi, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu, ndipo ya juu. Vituo vya waya za umeme visafishwe na vipakwe grisi kidogo.

Inua zulia la mpira la sakafuni na uangalie chini yake. Maji hujificha hapo. Na kwa kuwa bodi ndilo mifupa, sakafu iliyooza si aibu ya sura bali ni uvunjikaji wa mfupa. Kuiziba kwa gundi na kupaka rangi juu yake ni kuuficha ugonjwa. Ama anayefanya hivyo ili auze, basi huyo ameingia katika ghushi ambayo Mtume (S.A.W.) aliikataza sokoni. Muuzaji wa Kiislamu humwonyesha mnunuzi aibu ya bidhaa yake kabla ya kupokea fedha. Baraka ya bei ndogo yenye ukweli ni bora kuliko bei kubwa itakayomvunja mguu mtoto wa mwenzako.

Pale pa kusimamisha mkono

Siku moja nilikuwa kwenye karakana ya fundi mmoja mzee, akaingia kijana anaisukuma vespa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nani aliyeifungua breki hii?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Nimeifunga tena, lakini haishiki vyema."

Mzee akainama, akaizungusha gurudumu kwa kidole, akatikisa kichwa. "Umefanya vizuri kuja. Kufungua si kosa, mwanangu. Kosa ni kufunga usichokielewa, kisha ukampakia mkeo."

Maneno hayo yanatosha kuwa mpaka. Upepo, skrubu ya breki, waya, plagi, taa, usafi na kuchanganya oili ni kazi ya nyumbani. Viatu vya breki na waya mpya vyaweza kuwa kazi ya nyumbani pia, baada ya kumtazama fundi mara moja au mbili, na baada ya kujaribu polepole bila ya kumpakia mtu. Ama kufungua injini, klachi, giaboksi, bomba la usukani, na kuchomelea bati, hayo ni ya wenye kuyajua. Kumuuliza mwenye elimu ni ibada, hata kama elimu hiyo imo kwenye mikono yenye grisi. Na fundi alipwe haki yake bila ya kucheleweshwa.

Wanaopakiwa wana haki

Vespa imetengenezwa kwa dereva na abiria mmoja. Hilo halibadilishwi na mapenzi yetu kwa watoto. Tumezoea kumwona mtoto amesimama mbele, kashika usukani, mwengine amebanwa katikati, na mama nyuma kabeba mchanga. Hapana breki wala tairi lililopimwa kwa mzigo huo, na mtoto wa mbele ndiye wa kwanza kurushwa chombo kikisita. Kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kudhuriana haikumtoa baba katika hukumu yake. Afadhali safari mbili, au nauli ya daladala.

Kofia ngumu nayo isiwe ya dereva tu. Mara nyingi tunamwona mume ana kofia na mke hana. Yapo mavazi ya kichwa ya stara yanayokaa vyema chini ya kofia, basi udhuru huo usiletwe. Na buibui, kanga au shuka iliyoachiwa huweza kuingia kwenye gurudumu. Ikusanywe na ikaliwe kabla ya kuondoka.

Jirani pia ana haki. Oili chafu isimwagwe mtaroni wala njiani, kwani kuondosha udhia njiani ni katika imani, seuze kuuweka. Ikusanywe kwenye dumu na ipelekwe karakana inayoipokea. Na ekzosi iliyotoboka itengenezwe, wenye wagonjwa na watoto wapate kulala.

Mwisho, usiifanye kazi hii peke yako. Waite watoto wako, wa kiume na wa kike, wakushikie spana. Binti anayejua kuisoma plagi hatakwama njiani usiku akimngoja mtu asiyemjua. Kijana aliyezoea kuipima breki ya baba yake atakua akijua kwamba kumpakia mtu ni kubeba dhamana, na kwamba robo saa ya Ijumaa asubuhi ni sehemu ya dhamana hiyo.

Mwenyezi Mungu atusalimishe katika safari zetu, na atujaalie kuwa wenye kuzichunga amana.

Wabillahi tawfiq.